Rangi ya Hodi

Asubuhi ile Nyangeta Magafu alikuwa amebakiza jambo moja tu kabla ya chai: kuamua bluu ianzie wapi.

Wasioijua kazi yake hudhani kuipaka rangi ramani ya ziwa ni mapambo, kama mtu anayechagua mapazia ya sebuleni. Waacheni na dhana yao. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na jedwali, na kila mstari wa jedwali ulibeba kina cha maji na rangi yake. Kijani ni matope na mawe yanayofunikwa na kufunuliwa. Bluu ni maji mafupi. Nyeupe ni maji marefu. Ukigusa namba moja tu, mpaka wa rangi unasogea ziwa zima, Mwanza mpaka Bukoba, na mpaka ukisogea, meli nazo zinasogea.

Maana meli za siku hizi haziangalii maji. Hazina nahodha wala dirisha, na watu wa visiwani wamezipa jina la mashua pofu. Zinaisoma ramani tu. Penye nyeupe zinapita, penye bluu haziingii hata uzibembeleze kutwa. Hapo mwanzo kila mashua ilikuwa na jedwali lake, kulingana na uzito wake, mpaka mbili zikakutana kwenye mkondo mwembamba, moja ikiona nyeupe na nyingine ikiona bluu, na kila moja ikaendelea kwenda, ikitarajia mwenzake apishe. Zikagongana mchana kweupe. Tangu siku hiyo ikaamriwa ziwa moja, jedwali moja, na funguo za jedwali hilo zilikuwa mikononi mwa watu wawili: Nyangeta na mkuu wake, Bi Edwiga.

Tatizo ni kwamba ziwa lilikuwa linashuka. Mvua zilikuwa zimegoma mwaka wa tatu sasa, na kila mwezi bluu ilikuwa inakula nyeupe kidogo kidogo pembeni mwa ramani.

Simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Masatu, kutoka kisiwani Irundo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Kunywa kwanza. Nina neno."

Nyangeta hakunywa. Alimjua kaka yake. Masatu alikuwa fundi cherehani, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, na hakuwa mtu wa kumwandaa mtu kwa chai bila sababu.

"Sema tu, kaka."

"Nimeamua kuacha kwenda kwenye mashua ya damu."

Figo za Masatu zilikuwa zimechoka zamani. Mashua ya damu ndiyo iliyokuwa ikizifanyia kazi yake: ilizunguka visiwani na mashine zake, ikafunga gatini, mgonjwa akapanda, akalala saa kadhaa damu ikisafishwa, akashuka akaenda kula. Lakini mkondo wa Irundo ulipogeuka bluu, mashua ilianza kusimama mbali, kule mawimbi yanakoanzia, na Masatu akawa anapelekwa kwa mtumbwi na jirani yake, Bwire, na wanawe.

"Juzi tumepinduka," alisema Masatu. "Mimi nimeogelea vizuri tu, usiniwazie. Mtoto wa Bwire ndiye aliyekunywa maji mpaka tukadhani tumempoteza. Siwezi kuua watoto wa watu kwa ajili ya figo zangu, Nyangeta. Nimesema basi."

"Basi njoo ukae kwangu Mwanza. Hapa utatibiwa hospitali."

"Nikae kwako nikihesabu vigae? Cherehani yangu iko huku. Mke wangu yuko huku. Nikifa nife nimevaa suruali niliyoishona mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Kanywe chai yako sasa."

*

Nyangeta aliurudia ule mstari wa jedwali. Mpaka wa nyeupe ulikuwa mita nne. Mkondo wa Irundo, kwa vipimo vya mwisho, ulikuwa na mita mbili na nusu hivi, chini matope laini. Mashua ya damu ilihitaji mita moja na nusu tu. Ingepita bila hata kugusa tope.

Alichungulia mlangoni. Bi Edwiga hakuwepo. Akaifuta ile nne, akaandika mbili.

Hakuituma bado. Jedwali lilikuwa na chumba cha majaribio ambamo meli za kuigiza hujaribu ramani kabla ya zile za kweli. Nyangeta alitazama bluu ikirudi nyuma kuzunguka Irundo, mkondo ukiwa mweupe kama sahani iliyooshwa, na nukta ya mashua ya damu ikiingia mpaka gatini. Moyo wake ulifurahi, na si aibu kusema ulifurahi.

Halafu nukta nyingine zikaanza kutembea. Matishari ya kubeba mchanga na saruji, yaliyokuwa yakizunguka mbali kwa miaka, yaliona njia za mkato zimefunguka kila upande. Likakata moja juu ya mazalia ya sato, yale maji mafupi ambayo hakuna mtu aliyeyatangaza kuwa hifadhi, ila kwa kuwa yalikuwa bluu na meli hazikuingia, samaki walikuwa wamerudi wenyewe na wavuvi wakaanza tena kucheka. Likakata la pili hapo hapo. Kisha kivuko cha abiria kikageuza pua kuelekea kwenye mawe ambayo mara ya mwisho kupimwa Nyangeta alikuwa bado anasoma shule.

"Na huyo wa kivuko una undugu naye?"

Bi Edwiga alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. Alikuwa mama wa Bukoba mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumgombeza mtu kwa sababu hakuhitaji.

"Ni majaribio tu, mama."

"Naona." Akavuta kiti. "Ni Irundo?"

Nyangeta alimweleza yote, mtumbwi kupinduka, mtoto wa Bwire, suruali. Bi Edwiga alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeweza kuudanganya mkondo peke yake," alisema. "Ukaandika una mita tano. Hakuna ambaye angejua."

"Nimeliwaza hilo."

"Na?"

"Tishari nalo lingeamini." Machozi yalikuwa yanamlenga na hakujisumbua kuyaficha. "Mashua zote zingeamini. Haziwezi kujua kwamba nimedanganya kwa ajili ya mtu mmoja."

"Basi umeijua kazi," alisema Bi Edwiga. "Pole, mwanangu. Rudisha nne yako. Kesho nenda ukamwone kaka yako, hapa nitashika mimi."

*

Alikwenda na mashua ya damu yenyewe. Ilimshangaza jinsi inavyosimama. Hapakuwa na kitu chochote pale, maji tu, na kisiwa kikionekana mbele na migomba yake na mabati yake. Mashua ikakata mwendo ghafla mahali ambapo bluu ilianza kwenye ramani, bluu aliyoiweka yeye Nyangeta kwa kidole chake, ikatulia hapo ikiyumbishwa na mawimbi.

Bwire alikuja kumchukua kwa mtumbwi. Masatu hakuwamo.

"Amekataa kabisa," alisema Bwire. "Nimemwambia wanangu wanajua kuogelea. Kanijibu anawajua, aliwashonea kaptula zao, hawana mapaja ya kuogelea."

Nyumbani walimkuta Masatu kajilaza kwenye mkeka barazani, miguu imevimba, cherehani pembeni yake ikiwa na shati lililokatizwa katikati ya mkono. Mkewe, Sabina, alimkumbatia wifi yake kwa muda mrefu. Walikula ugali na dagaa, na Masatu akamtania dada yake kwa kunenepa, wakacheka, na kwa kicheko hicho Nyangeta alizidi kuumia.

Ndipo jambo lenyewe likatokea, na lilikuwa dogo mno, la kila siku. Mama mmoja wa jirani alifika na kitambaa cha kushonwa, akasimama nje ya uzio wa matete pale ambapo kizingiti kilikuwepo zamani. Mlango haukuwepo. Uzio wenyewe ulikuwa umelala nusu. Angeweza kuingia kwa hatua moja, na watu wote wa nyumbani walikuwa wanamwona. Lakini hakuingia.

"Hodi," alisema.

"Karibu," akajibu Sabina, na yule mama akaingia.

Nyangeta alibaki anapaangalia pale mahali, tonge mkononi. Hapakuwa na ukuta wala kufuli. Palikuwa na mstari ambao macho hayauoni, na mtu mzima mwenye akili zake akasimama hapo mpaka akajibiwa.

"Kaka," alisema, "ni nani hapa anayeujua mkondo leo una maji kiasi gani?"

"Kila mtu. Si kuna mti Bwire aliuchomeka gatini, una alama? Hata mimi nauona nikiwa hapa."

"Na sato wakiwa wanataga?"

"Unaona maji yanavyochemka pale kwenye matete. Kwani vipi?"

"Kuna mtu amewahi kuwauliza?"

Masatu alicheka. "Nani atuulize? Meli zinaingia, meli zinaacha kuingia, sisi tunaona tu."

*

"Rangi ya nne," alimwambia Bi Edwiga aliporudi. "Isiseme pita wala isiseme usipite. Mashua ikiifikia, inasimama, inapiga hodi. Mtu wa pale anajibu. Akisema karibu, inaingia."

"Mashua ipige hodi."

"Kwa redio, mama. Kwa sauti."

Bi Edwiga hakucheka. Aliinuka akaenda dirishani, akatazama ziwa alilolipaka rangi kwa zaidi ya nusu ya umri wake.

"Unajua unachokiomba? Leo meli ikipanda mwamba, lawama ni yangu na yako. Tumesomea, tunalipwa kwa hilo. Wewe unataka kumtwisha mzigo huo fundi cherehani aliyekaa barazani kwake. Akikosea je? Atalala usingizi?"

Swali hilo Nyangeta alikuwa amejiuliza njia nzima.

"Sasa hivi tunawaamulia sisi," alisema, "na tukikosea wanaokufa ni wao. Mzigo wanao tayari, mama. Hawajapewa mdomo tu."

Walibishana kwa siku kadhaa, kwa adabu, wakinywa chai nyingi. Mwisho Bi Edwiga akakubali majaribio, Irundo peke yake. Kisha wakabishana rangi, na hapo adabu ilipungua. Nyangeta alitaka zambarau. Bi Edwiga alisema zambarau ikikaa karibu na bluu, macho ya wengine hayaitofautishi, na mashua zenyewe hazijali lakini siku moja binadamu ataisoma ramani hii tena, yeye ana uhakika. Wakaafikiana rangi ya papai lililoiva. Haifanani na kitu chochote kingine ndani ya maji.

*

Redio waliiweka barazani kwa Masatu, kwa kuwa ndiye anayeshinda nyumbani na ndiye mwenye haja. Nyangeta alisafiri tena kuja kuishuhudia siku ya kwanza. Masatu alivaa shati lililopigwa pasi. Mashua ya damu ilitarajiwa alasiri.

Kabla ya adhuhuri redio ikakoroma.

"Hodi," ilisema sauti, sauti nzuri tu ya kike, yenye subira.

Nyangeta alikuwa jikoni na Sabina. Alisikia kaka yake akijibu kwa furaha, "Karibu, karibu sana," na alipotoka barazani na kijiko mkononi, aliona kitu kikubwa cha kijivu kinaingia mkondoni. Tishari la saruji. Lilikuwa limeona njia ya mkato nyuma ya kisiwa, likasimama kwenye rangi ya papai, likapiga hodi kama lilivyofundishwa, likakaribishwa.

Lilifika katikati ya mkondo, likazama kwenye tope, likatulia.

"Kaka. Kwa nini umesema karibu?"

"Amepiga hodi," alisema Masatu, naye kashangaa.

"Ni tishari! Si ungelikataza?"

"Nimkataze vipi mtu aliyepiga hodi? Mama yetu alikufundisha hivyo?"

"Si mtu, ni mashine."

"Basi ni mashine yenye adabu kukuzidi, maana wewe umekuja na kijiko unanipigia kelele mbele ya mgeni."

Alasiri mashua ya damu ilifika, ikakuta mkondo umezibwa. Nyangeta, Bwire na wanawe walimbeba Masatu mpaka kwenye mtumbwi, akipinga, akiwatukana wote kwa majina ya baba zao, na wakapiga kasia mpaka kule kwenye mawimbi. Nyangeta alikaa nyuma ya kaka yake amemshika kiunoni kwa nguvu zake zote. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na hasira kwa nafsi yake, kwani alikuwa amesanifu mlango mzima na akasahau kwamba watu wake hawajui kuufunga.

Walirudi wamelowa, Masatu damu yake safi na roho yake nzito.

"Bi Edwiga atafuta rangi yako?" aliuliza.

"Amenipa mpaka mwisho wa juma nimpe sababu ya kutoifuta."

Masatu aliliangalia tishari lililokuwa limekwama mbele ya nyumba yake. "Mimi ndiye niliyeliingiza. Mkipima mkaniona sifai, semeni. Lakini siwezi kumwambia mtu aliyepiga hodi ondoka. Ulimi wenyewe hautakubali."

Sabina alikuwa anapepeta mchele. Alisema bila kuinua kichwa: "Nani kakwambia useme ondoka? Ukiwa umelala mchana, Bwire akija si anapiga hodi tatu? Asipojibiwa anakwenda zake. Hajawahi kununa."

"Kweli sinuni," alisema Bwire.

"Na ukiwa macho hujibu karibu hivi hivi tu. Unauliza nani. Tena unauliza kwa ukali, mpaka wateja wengine wanakimbia."

Nyangeta alimtazama wifi yake. Kisha alivuta begi lake, akatoa kompyuta, akakaa chini kwenye mkeka hapo hapo na nguo zake mbichi, akaanza kuandika upya sheria ya rangi ya papai. Mashua itapiga hodi. Ikiulizwa nani, itasema jina lake, mzigo wake na kina inachohitaji. Itapiga mara tatu, na isipojibiwa itageuza na kwenda zake bila kinyongo. Kunyamaza kutakuwa jibu.

Bi Edwiga aliisoma, akapiga simu.

"Nyumbani kwa marehemu mama yangu ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Sijui kwa nini tulilisahau. Weka jina langu juu ya lako, Nyangeta. Likiharibika, waanze na mimi."

*

Tishari lilivutwa, na ikaja siku ya mashua ya damu. Baraza lilijaa. Watu walijifanya wamekuja kuchukua nguo zao.

Redio ikakoroma mapema mno.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza Masatu, kwa ukali kweli.

"Tishari la mchanga. Nimebeba mchanga. Nahitaji mita tatu."

Masatu aliutazama mti wa Bwire gatini. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama ya tatu. Akafunga mdomo.

"Hodi," ilisema ile sauti tena.

Mzee mmoja aliinamisha kichwa kama aliyetajwa kwenye jambo la aibu. Sabina aliuweka mkono wake juu ya goti la mumewe.

"Hodi."

Kimya. Kuku tu alilia nyuma ya nyumba. Maisha yake yote Masatu hakuwahi kumwacha mtu nje kwa makusudi, na jasho lilimtoka usoni.

"Haya, nitapitia siku nyingine," ilisema sauti, nayo haikununa. Kule mbali kile kitu cha kijivu kikageuza pua taratibu na kuondoka.

Masatu alisubiri mpaka likawa dogo kabisa, ambapo halingeweza kumsikia. "Karibu siku nyingine," alinong'ona, na watu wote barazani wakavuta pumzi kwa pamoja.

Alasiri, redio ikakoroma tena.

"Ho—"

"Karibu," alisema Masatu.

"Kaka," alisema Nyangeta, "uliza kwanza."

"Aa. Nani?"

"Mashua ya damu. Nimebeba mashine na muuguzi. Nahitaji mita moja na nusu."

"Karibu. Pita ndani, pita mpaka ndani kabisa."

Kwenye kioo cha kompyuta, ile nukta iliyokuwa ikisimama kila mara mahali pale pale ilisogea. Ikaingia kwenye rangi ya papai, mahali ambapo haikuwahi kukanyaga tangu maji yashuke. Nyangeta aliitazama mpaka macho yakafanya ukungu, halafu akaifunga kompyuta, maana mashua yenyewe ilikuwa mbele yake, nyeupe, kubwa, inafunga gatini.

Masatu hakutaka kushikwa. Alishuka mteremko kwa miguu yake iliyovimba, polepole, akisalimia kila mtu, akapanda ngazi mwenyewe. Mlangoni akageuka nyuma. Dada yake alikuwa amesimama gatini, miguu yake kwenye ukingo wa mbao, analia wazi wazi.

"Nyangeta," alisema. "Unasimamaje nje kama mdeni wa watu? Piga hodi basi."

"Hodi," alisema Nyangeta.

"Nani?"

"Ni mimi, kaka."

"Karibu," alisema Masatu, akampa mkono apande.